Ukurasa wa Mwalimu: Waliochora Ndege wa Ugenini

 

Katika kikao cha wazazi kilichopita mama mmoja alisimama akatuuliza sisi walimu swali: hivi karatasi na penseli vyenyewe ni vya shida, kwa nini mtoto anapewa halafu anakwenda kuchora kunguru? Baba mmoja akaongeza kwamba kunguru anajulikana, hana haja ya kuchorwa. Watu wakacheka, na sisi tukacheka, muda ukaisha. Basi leo tunajibu, ila kwa njia ndefu kidogo. Tutawasimulia watu waliochora ndege wa Marekani miaka mia mbili na zaidi iliyopita. Wakubwa wao ni wawili, Alexander Wilson na John James Audubon. Wote wawili hawakuzaliwa Marekani. Mmoja alifika akiwa ametoka kufungwa, mwingine alifika akikwepa kuingizwa jeshini, na karatasi yake ya safari haikuwa ya kweli. Hapo tunajua wengine mtainua masikio.

Tuanze na Wilson, maana huyo ni mwalimu mwenzetu.

Alizaliwa tarehe 6 Julai 1766 katika mji wa Paisley, nchi ya Uskoti, mji wa wafumaji wa nguo. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo. Shule alisoma kidogo tu, na alipofika miaka 13 akawekwa kwa shemeji yake ajifunze kufuma. Kazi ya kukaa ndani siku nzima hakuipenda. Akawa mchuuzi, anabeba mzigo mgongoni, anatembeza vitambaa kijiji hadi kijiji, na ndani ya mzigo huo anaweka mashairi yake, labda atapatikana wa kuyanunua. Mwaka 1792 akaandika shairi la kumsema tajiri mmoja mwenye kiwanda, kwamba anawapunja wafumaji kwenye vipimo. Tajiri akaenda mahakamani. Wilson akatozwa faini, akafungwa, na mwaka 1793 akalazimishwa kulichoma shairi lake kwa mkono wake mwenyewe mbele ya watu. Tusidanganyane, hakuwa malaika: alimpelekea tajiri barua ya kutaka pesa ili shairi lisitoke. Lakini jambo la vipimo wafumaji walilijua vizuri kuliko hakimu.

Mei 1794 akapanda meli pale Belfast pamoja na mpwa wake, kijana bado. Meli ilijaa watu, wao wakalala juu, nje, kwenye sitaha. Wakashuka mwezi Julai mahali panapoitwa New Castle, mfukoni kuna pesa kidogo ya kukopa, wakaanza kutembea kwa miguu kwenda mji wa Philadelphia. Njiani Wilson akamwona kigong'ota ambaye kichwa chote ni chekundu. Kwao Uskoti ndege wa namna hiyo hayupo. Hakumsahau tena.

Kazi ya kufuma haikupatikana kwa urahisi. Akafanya hii na ile, mwisho akawa mwalimu wa shule za vijijini. Elimu yake ilikuwa ndogo, kwa hiyo usiku alijifunza hesabu ambazo angezifundisha baadaye. Walimu wenzetu wa kujitolea mnaijua hali hiyo, hatuna haja ya kuieleza. Mshahara ulikuwa mdogo na mwili wake haukuwa na nguvu.

Mwaka 1802 akahamia shule ya Gray's Ferry, nje kidogo ya Philadelphia. Hapo ndipo mambo yalipogeuka, kwa sababu ya jirani. Karibu na shule aliishi mzee mmoja, William Bartram, katika bustani kubwa ya miti na maua iliyoanzishwa na baba yake. Mzee Bartram alikuwa amesafiri miaka mingi katika misitu ya kusini, na mwaka 1791 alitoa kitabu cha safari hizo chenye orodha ya ndege 215. Akamfungulia mwalimu bustani na vitabu vyake. Wilson akaanza kuchora. Alikuwa na miaka zaidi ya 35, hajawahi kufundishwa kuchora. Alichora usiku kwa mwanga wa mshumaa, watoto wakishaondoka. Mwezi Machi 1804 alimpelekea mzee michoro kadhaa, akamwomba aikosoe, na amwandikie kwa penseli jina la kila ndege, maana ukitoa watatu au wanne, wengine wote hakuwajua majina.

Wasomaji, simameni hapo kidogo. Mtu anayekusudia kuandika kitabu cha ndege wote wa nchi hana majina ya ndege wa uani kwake. Yuko ugenini. Ndege anamwona kila siku, anamsikia kila asubuhi, lakini hajui aitweje. Hali hiyo sisi tunaijua. Wazee wetu walikuja na majina ya ndege wa kwetu, wakifika hapa ndege wengine ni wale wale, wengine hawana jina katika lugha yetu, na mtoto akiuliza anajibiwa tu "ni ndege".

Wilson aliwatuma wanafunzi. Watoto wa Gray's Ferry walipoona mwalimu anapenda wadudu na wanyama, kila mtu akaleta chake. Mmoja alileta kikapu kizima cha kunguru (ndiyo, kunguru, mama yetu), na mwalimu akaandika kwa mzaha kwamba asipotoa amri mapema, mzigo unaofuata utakuwa wa vyura. Siku nyingine mtoto akamkamata panya darasani akamletea. Wilson akamfunga kwa uzi, akaanza kumchora jioni hiyo hiyo. Alitaka kumuua baadaye amweke kwenye kucha za bundi aliyekwisha kukaushwa, ili mchoro uonekane wa kweli. Panya alikuwa anatetemeka, moyo unadunda. Kwa bahati matone ya maji yakamwagika karibu naye. Panya akayanywa kwa pupa, akainua macho kumtazama mwalimu usoni. Wilson alishindwa. Akamfungua akamwachia.

Habari hiyo aliiandika mwenyewe katika barua kwa mzee Bartram. Tunaisimulia kwa sababu mtu huyo huyo aliua ndege wengi sana. Msishangae. Zamani hizo hakukuwa na kamera, wala darubini nzuri ya kumvuta ndege karibu. Ukitaka kuhesabu manyoya ya bawa na kujua rangi ya jicho, ni lazima umshike mkononi, na kumshika ni kumpiga risasi. Wachora ndege wengi wa wakati ule walikuwa na bunduki.

Mwaka huo huo wa 1804, mwezi Oktoba, Wilson alitoka na wenzake wawili, mmoja ni yule mpwa wake, wakatembea mpaka maporomoko ya Niagara na kurudi. Safari nzima ilikuwa kama kilomita 2,000, sehemu kubwa kwa miguu, na baridi ya theluji ikawakuta njiani. Huyu ndiye mwalimu aliyesemwa ana afya mbovu!

Sasa tuelezee kidogo kitabu kilivyotengenezwa, maana wanafunzi wengi wanadhani picha ya rangi inatoka kwenye mashine ikiwa na rangi zake. Wakati ule haikuwa hivyo. Mchoro ulichongwa kwanza kwenye sahani bapa ya shaba, mistari midogo midogo, na fundi aliyejua kazi hiyo. Wilson alimpata fundi Mskoti mwenzake, Alexander Lawson. Sahani inapakwa wino, inafutwa, wino unabaki kwenye mistari tu, halafu inagandamizwa kwenye karatasi. Inatoka picha nyeusi. Baada ya hapo watu wanakaa mezani na brashi na rangi za maji, wanapaka karatasi moja moja. Nakala mia mbili zina maana ya kumpaka ndege yule yule mara mia mbili, bila kukosea jicho.

Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1808, kikiitwa *American Ornithology*. Mfululizo wote ulipangwa kuwa na vitabu kadhaa, na bei yake ilikuwa dola 120 kwa vyote. Wakati ule hizo zilikuwa pesa nyingi mno. Mchapishaji alitaka wanunuzi wajiandikishe kwanza. Nani wa kuwatafuta? Mwandishi mwenyewe. Mchuuzi wa Paisley akarudi barabarani, safari hii ndani ya mzigo kuna ndege badala ya vitambaa. Akagonga milango ya wakubwa kaskazini na kusini. Rais Thomas Jefferson alijiandikisha. Wengine walikitazama, wakakisifu sana, wakamrudishia.

Katika safari ya kusini, mwaka 1809, karibu na mji wa Wilmington, ndipo lilipomkuta jambo la yule kigong'ota mkubwa mwenye mdomo mweupe kama pembe ya ndovu. Alimpiga, akamjeruhi bawa kidogo tu. Ndege akaanza kulia kwa sauti ya mtoto mchanga kabisa, mpaka farasi akashtuka akataka kukimbia. Wilson akamfunika, akaingia naye mjini, kilio kinasikika barabara nzima. Wanawake wakatoka milangoni na madirishani kwa wasiwasi. Alipofika kwenye nyumba ya wageni akamwuliza mwenye nyumba kama kuna chumba kwa ajili yake na mtoto wake. Mwenye nyumba akabaki ameduwaa. Ndipo Wilson akafunua, watu wakacheka.

Akamfungia chumbani akaenda kumhudumia farasi. Hakukaa hata saa moja. Kurudi, anakuta ndege amepanda ukutani karibu na dirisha, amebomoa lipu, kitanda kimejaa vipande, na tundu limetoboka ukutani la kupitisha ngumi. Bado kidogo atoke. Akamfunga kwa kamba kwenye mguu wa meza, akatoka tena kumtafutia chakula. Kurudi, meza ya mti wa thamani imeharibiwa kabisa. Wakati wa kuchorwa alimchoma mwalimu kwa mdomo mara kadhaa. Chakula alikataa chote. Aliishi siku karibu tatu, akafa, na Wilson aliandika kwamba alimwona akifa kwa masikitiko. Ndege huyo, mara ya mwisho alipoonekana Marekani bila ubishi wa wataalamu ilikuwa mwaka 1944. Wapo wanaosema bado yupo, wapo wanaokataa.

Mwaka 1810 akanunua mtumbwi mdogo pale Pittsburgh, akaupa jina, akashuka peke yake kwa mto Ohio mamia ya kilomita. Katika jimbo la Kentucky akamjeruhi kidogo kasuku wa kijani mwenye kichwa cha manjano, ambaye waliitwa kasuku wa Carolina. Huyu hakumuua. Akambeba mfukoni, amemfunga kwa kitambaa, safari ya zaidi ya kilomita 1,600 kwa farasi katikati ya misitu. Akimtoa wakati wa kula, kasuku anakula naye. Akimrudisha mfukoni, wanapigana. Alipopita katika nchi ya watu wa Chickasaw na Choctaw, wenyeji wa ardhi ile, wanaume, wanawake na watoto walikusanyika kumtazama, wanacheka. Wachickasaw wakamwambia jina la ndege huyo katika lugha yao ni kelinky. Yeye alikuwa amempa jina Poll. Kwa sababu ya kasuku tu, watu wasiojuana lugha wakawa marafiki kwa jioni moja.

Baadaye akamwekea kioo, na kasuku alipoona sura yake akawa analala ameegemeza kichwa kwenye kioo kana kwamba kuna mwenzake. Wakapanda meli kurudi Philadelphia. Katikati ya Ghuba ya Meksiko kasuku akatoka kwenye tundu, akaruka, akaanguka baharini akafa maji.

Katika Kentucky pia aliona njiwa wasafiri. Kundi moja lilipita juu yake kwa saa nne bila kukatika. Akakaa akapiga hesabu: upana wa kundi, mwendo wao, muda waliopita. Akapata njiwa 2,230,272,000. Bilioni mbili na zaidi, kundi moja! Walimu wa hesabu mnaweza kuwapa wanafunzi swali hilo. Njiwa wa mwisho wa aina hiyo duniani aliitwa Martha, alikufa tarehe 1 Septemba 1914 katika bustani ya wanyama ya Cincinnati. Kasuku wa Carolina wa mwisho aliyejulikana kufugwa, jina lake Incas, alikufa pale pale mwezi Februari 1918. Njiwa waliuawa kwa ajili ya nyama na misitu yao ikakatwa. Kasuku walipigwa na wakulima kwa kuwa walikula matunda, na manyoya yao yakawekwa kwenye kofia. Tena kasuku hao walikuwa na tabia ya huruma iliyowaangamiza: mmoja akianguka, wenzake walirudi kumzunguka, na mwenye bunduki akawamaliza.

Wilson hakuyaona hayo. Mwaka 1813 wapaka rangi wake waliondoka, akawa anapaka mwenyewe mchana na usiku, maana kupaka rangi ndiko kulikompa riziki. Akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu, akafariki tarehe 23 Agosti 1813, umri miaka 47. Kazi yote ni vitabu tisa na aina 268 za ndege. Viwili vya mwisho vilimaliziwa na rafiki yake George Ord, na cha tisa kilitoka mwaka 1814.

Sasa yule wa pili. Tarehe 19 Machi 1810, akiwa kwenye safari ile ya mto, Wilson aliingia katika duka moja mjini Louisville na vitabu vyake viwili mkononi. Nyuma ya meza kulikuwa na kijana Mfaransa. Kijana akafungua kitabu, akashika kalamu ajiandikishe. Mshirika wake wa biashara akamwambia kwa Kifaransa aache, maana michoro yake mwenyewe ni mizuri zaidi. Kalamu ikawekwa chini. Kijana akatoa michoro yake akamwonyesha mgeni. Huyo ndiye Audubon. Yeye alisimulia baadaye kwamba alimkarimu Wilson, akawinda naye, akamwazima michoro. Katika maandishi ya Wilson yaliyotolewa baada ya kifo chake, yanasema kwamba Louisville hakupata ukarimu wowote, wala mnunuzi hata mmoja. Watu wawili, duka moja, habari mbili. Hatukuwepo.

Audubon alizaliwa tarehe 26 Aprili 1785 Saint-Domingue, upande wa kisiwa ambao leo ni Haiti. Baba yake alikuwa nahodha Mfaransa mwenye shamba la miwa na watumwa. Mama yake, Jeanne Rabine, alikuwa mtumishi wa nyumbani, hawakuoana, na alifariki baada ya miezi michache. Mtoto akapelekwa Ufaransa, akalelewa na mke wa baba yake, akaandikishwa rasmi kama mtoto wa nyumba mwaka 1794. Mwaka 1803, Napoleon anakusanya vijana kwa ajili ya vita, baba akamtafutia pasi iliyosema kijana amezaliwa Louisiana, akampakia melini. Tangu hapo Audubon aliwapa watu majibu tofauti kila walipomuuliza kwao ni wapi. Sisi hatumcheki kwa hilo.

Akamwoa Lucy Bakewell mwaka 1808. Akafungua duka, likafa. Akajenga kinu cha mvuke, kikamfilisi. Mwaka 1819 alifungwa kwa ajili ya madeni. Akabaki na nguo za mwilini, bunduki na michoro. Mwezi Oktoba 1820 akashuka mto na kijana wa miaka 13, jina lake Joseph Mason, mwanafunzi wake, kuchora ndege wote wa Marekani. Nyumbani mama Lucy na watoto wawili wa kiume.

Mume hayupo miezi na miaka, anachora ndege. Majirani walisema walichosema. Lucy akawa mwalimu katika mashamba makubwa ya Louisiana, akafundisha watoto wa matajiri, akalea wanawe, akaweka akiba. Akiba hiyo ndiyo iliyosaidia kumpeleka mumewe Uingereza mwaka 1826, maana Marekani hakupata wa kumchapishia. Ukisoma vitabu vingi jina kubwa ni la Audubon. Sisi kwa maoni yetu, bila mshahara wa mwalimu huyo ndege wale wangebaki sandukuni.

Kazi yenyewe ni ya ajabu, hilo hakuna wa kulikataa. Audubon aliwatengeneza ndege aliowaua kwa nyaya juu ya ubao wenye miraba, akawaweka kama wanaruka, wanapigana, wanalisha watoto. Wilson aliwapanga ndege wengi kwenye ukurasa mmoja, wametulia kama watu kwenye picha ya pasipoti. Audubon alitaka kila ndege awe na ukubwa wake halisi. Karatasi ilikuwa na urefu wa karibu mita moja, na hata hivyo heroe hakuenea, ikabidi ainamishwe shingo mpaka chini kama anakunywa maji. London, fundi Robert Havell na kundi lake la wapaka rangi walifanya kazi hiyo mpaka mwaka 1838: kurasa 435. Kitabu kinaitwa *The Birds of America*. Mwaka 2010 nakala moja iliuzwa London kwa dola zaidi ya milioni 11.

Na Joseph Mason? Alichora maua, majani na matawi ya zaidi ya kurasa 50 kati ya hizo. Ndege wa Audubon wamekaa juu ya matawi ya mtoto huyo. Mason alikuja kulalamika kwamba aliahidiwa jina lake litaandikwa. Chini ya picha jina lake halipo.

Kuna wengine ambao majina yao hayakuandikwa kabisa, na hapa hatuwezi kunyamaza. Audubon alimiliki watumwa. Mapema mwaka 1819, akiwa na shida ya pesa, alikwenda New Orleans kwa mashua, wanaume wawili watumwa wake wakiwa pamoja naye. Kufika akaiuza mashua, na wale wawili akawauza pia. Aliwapinga waliotaka utumwa ukomeshwe. Watu weusi na wenyeji wa Marekani walimsaidia kupata ndege na habari zao. Alisema uongo pia katika kazi yake: kuna tai mkubwa aliyemchora akampa jina la Washington, na hakuna mtu aliyempata tai huyo mpaka leo. Mambo haya yameleta mjadala mkubwa Marekani. Mwaka 2023 chama kikubwa cha kuhifadhi ndege kinachoitwa kwa jina lake kiliamua kubaki nalo, lakini matawi kadhaa yakaliacha. Mwaka huo huo chama cha wataalamu wa ndege cha Marekani kilitangaza kwamba ndege walioitwa kwa majina ya watu watapewa majina mapya. Hata wale walioitwa kwa jina la Wilson wamo.

Audubon alifariki Januari 1851. Wanawe wakamfuata. Mama Lucy, mzee sasa na ana madeni, alikuwa amerudi kufundisha. Mmoja wa wanafunzi wake, George Bird Grinnell, ndiye aliyekuja kuanzisha mwaka 1886 chama cha kwanza cha kulinda ndege chenye jina la Audubon. Mwaka 1863 Lucy aliiuza michoro ya mkono ya mumewe kwa jumba la historia la New York, na iko huko mpaka leo. Sahani za shaba hazikupata mnunuzi wa maana. Zikauzwa kwa kilo, kama vyuma chakavu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1870 zikafika kiwanda cha kuyeyusha shaba mjini Ansonia, jimbo la Connecticut. Mtoto wa meneja, Charles Cowles, miaka 14, alipenda kushinda kiwandani. Akaona kipande cha shaba kinaelekea tanuruni, na juu yake kuna kitu kama mguu wa ndege. Akakichukua, akakisafisha, ndege akatokea. Akamwomba msimamizi asimamishe kazi, akakataliwa. Akaenda kwa baba yake, hakusikilizwa. Akaenda kumwita mama yake. Mama akaja kiwandani, akatazama, kazi ikasimamishwa. Nyingi zilikuwa zimekwisha kuyeyuka. Zilizopo leo duniani ni kama 80.